Pakiti ya Mwisho ya Biskuti za Wageni

Jumapili, mtaani Jericho. Baridi ya Julai, ile ya kukaa na kofia ndani ya nyumba.

Jua leo limekataa kutoka kabisa. Tangu asubuhi manyunyu yanakuja, yanaacha, yanakuja tena. Nimekaa jikoni kwa sababu jikoni ndiko kuna joto, na pia kwa sababu sebuleni siingii sana siku hizi. Chupa ya chai iko karibu na mkono wa kulia. Karibu na wa kushoto kuna biskuti.

Kama umepotea njia ukafika kwenye blogu hii, karibu. Mimi ni fundi, soko la Gikomba. Sishoni nguo, natengeneza cherehani zenyewe zikigoma. Lakini hapa naandika habari za biskuti, basi. Mwanangu Wycliffe alinifungulia ukurasa huu baada ya kumzika mama yake mwanzoni mwa mwaka. Aliniambia, "Mzee, andika kitu chochote, usikae tu hivyo." Nikaandika juu ya kitu kilichokuwa mezani mbele yangu. Kilikuwa biskuti.

Tuanze na kazi.

Ya kwanza leo ni glukosi ya kioski, ile ndogo ambayo kila mtoto wa huku amekula akienda shule. Sina ubaya nayo. Utamu wake ni wa kiasi, inanukia maziwa ya unga, na haijifanyi. Shida yake ni kwamba haina subira na chai. Nimeichovya, nikageuka kidogo kuangalia jiko, kurudi nakuta nusu imezama chini ya kikombe na mimi nimeshika kipande kama mtu aliyeibiwa. Naipa vikombe vitatu kwa vitano, na kimoja kati ya hivyo nimeipa kwa heshima ya utotoni.

Ya pili ni ya tangawizi, ya supamaketi. Hii, jamani! Kuitafuna kavu ni kuomba ugomvi na daktari wa meno. Lakini ichovye uone. Inalainika taratibu, kwa adabu, halafu ile tangawizi inapanda mpaka puani. Kwa baridi hii ni dawa kabisa. Vikombe vinne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya ule uzi mwekundu wa kufungulia pakiti, ambao kazi yake ni kukatika na kukuachia pakiti ikiwa imefungwa vile vile.

Ya tatu nimeinunua jana jioni kwenye bekari mpya karibu na soko la Burma, pale unapopita ukinusa nyama choma halafu ghafla unanusa vanila. Wao wanaiita kuki, si biskuti. Ni kubwa kama kifuniko cha kopo, laini katikati, ina vipande vya chokoleti. Msichana wa pale, mtoto mwenye adabu zake, aliniita babu kwa Kikuyu: "Guka, nikufungie ngapi? Ni za familia?"

Nikasema ndiyo, ni za familia.

Sijui kwa nini nilimdanganya mtoto wa watu. Akanifungia bahasha nzima, akaongeza moja juu, ati ya wajukuu. Nimezibeba mpaka nyumbani nimeinamisha kichwa. Kuki yenyewe ni nzuri, sukari imezidi, na kwenye chai haifai kabisa maana inatoa mafuta juu ya kikombe. Vikombe vitatu na nusu. Zilizobaki ziko pale kwenye sahani zinaniangalia.

Sasa nieleze kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa, ingawa nimeandika biskuti nyingi.

Mke wangu Rebeka alikuwa na sheria. Kwenye kabati la sebuleni, rafu ya juu, nyuma ya sahani za maua, kulikuwa na biskuti wakati wote, na hazikuwa za watu wa nyumba. Zilikuwa za wageni. Hata kama ndani hakuna mkate, hata kama mvua imetufungia na watoto wanalia njaa, biskuti za wageni haziguswi. Wycliffe alichapwa zaidi kwa sababu ya zile biskuti kuliko alivyochapwa kwa sababu ya shule. Mimi mwenyewe, baba wa nyumba, nikipitisha mkono pale nasikia sauti kutoka jikoni: "Baba Wycliffe, wageni wakija utawapa nini, vidole vyako?"

Na walikuwa wanakuja! Nyumba hii haikukauka watu. Jumuiya yetu ya kanisa, kwaya, watu wa kwetu Butere waliofika mjini na begi moja, majirani wa kuomba chumvi wakakaa mpaka giza. Rebeka alikuwa anafungua mlango wa mbele asubuhi na haufungwi tena mpaka kulala.

Alipofariki, mimi niliendelea kununua. Mkono umezoea. Nikipita supamaketi naweka pakiti kwenye kikapu, nakuja naipanga rafu ya juu, nyuma ya sahani za maua. Kisha tarehe inakaribia na hakuna mtu aliyekuja, kwa hiyo nazitoa, nazila mwenyewe hapa jikoni, na nawaandikia ninyi ladha yake. Huko ndiko zinakotoka hizi habari zangu zote za biskuti. Kila moja niliyowahi kuipa vikombe hapa, ukiacha kuki za jana, ilikuwa ya mgeni ambaye hakuja.

Hiyo sentensi imeniuma nikiiandika.

Kwenye ile rafu imebaki pakiti moja aliyoinunua Rebeka mwenyewe, kwa mkono wake. Za nazi. Hiyo sijaigusa. Tarehe yake inaisha mwisho wa mwezi huu.

Na mwisho wa mwezi huu ndio Wycliffe anataka jibu langu. Anakaa Kitengela, na nyuma ya nyumba yake kuna chumba kizuri, sakafu ya vigae, choo ndani. Ananiambia niache hii nyumba nihamie huko. Kuna mtu anataka kukipanga hicho chumba, kwa hiyo anahitaji kujua. "Mzee, huko Jericho unabaki na nani?" Hilo ndilo swali lake kila Jumapili akipiga simu, na kila Jumapili namwambia mtandao ni mbaya.

Basi nikaweka mapatano na moyo wangu, ya kijinga kabisa. Mgeni akija, hata mmoja, akala zile biskuti za nazi kabla hazijaharibika, nabaki. Asipokuja mtu, nimejibiwa. Mtu asiye na wageni anakaa na nyumba ya nini?

Nina hasira, wacha niseme. Wakati wa matanga Jericho yote ilikuwa hapa. Watu walilala kwenye viti. Tukaenda kuzika Butere, tukarudi, na nyumba ikawa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumatano. Nasikia wakiimba kwa jirani wa kushoto, wiki nyingine nawasikia kwa jirani wa kulia. Kwangu wameruka. Mzee Okello, tuliyecheza naye drafti miaka na miaka, kimya. Hata watoto waliokuwa wanapiga mpira kwenye ukuta wangu mpaka nikawafokea, wameacha. Sikuwahi kufikiri ningeutamani ule mpira.

Na Mama Wanjiru, jirani yangu wa mlango wa pili! Huyu alikuwa kama dada kwa Rebeka. Siku hizi tukikutana kule nyuma kwenye kamba za nguo, ananisalimia kwa sauti ya chini, "Baba Wycliffe, Mungu akutie nguvu," halafu huyo, ameingia ndani. Nikasema sawa. Mjane mwanamume ana harufu gani? Nikaanza kwenda misa ya kwanza, nakaa kiti cha nyuma, natoka kabla ya matangazo. Wakinikataa, na mimi nimewakataa.

Hayo yote niliyaandika kabla ya mchana, na ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Sasa ni jioni, naendelea.

Leo mchana nilikuwa bado jikoni na ile tangawizi mkononi, nikasikia viatu upande wa mbele. Viatu vya wanawake wengi, na sauti. Nikaacha kutafuna. Mmoja akasema, "Si tumsalimie tu?" Nikaijua ile sauti, ni mwenyekiti wa jumuiya.

Moyo ulianza kunienda mbio kama kijana anayeposa. Nikavua kofia. Nikatupia macho sweta, nikaona ina chai, nikaigeuza. Nikaingia sebuleni gizani, nikagonga goti kwenye meza, nikanyoosha mkono rafu ya juu na kuzitoa zile za nazi. Nikasimama nyuma ya mlango nangoja hodi.

Hodi haikuja. Nilichosikia ni sauti ya Mama Wanjiru, ya ukali na ya chini, kama mtu anayefukuza watoto kanisani.

"Wacheni mzee wa watu! Si mnaona mlango? Kwao mwanamume akifiwa na bibi, mlango wa mbele haufunguliwi mpaka mwaka uishe. Ni mila yao. Mnataka kumletea mkosi?"

Wakasema aai, pole, hatukujua. Viatu vikaondoka.

Mimi nimesimama gizani, pakiti mkononi, mdomo wazi. Mila gani? Nimezaliwa Butere, nimekulia Butere, nimezika wazazi wote wawili Butere. Mila gani hiyo ya mlango?

Nikatoka mbio. Kwa mlango wa nyuma, maana ndio ninaotumia. Ikabidi nizunguke nyumba zote zilizoungana za laini yetu kufika mbele, na ndara zangu na matope, na watu wakaniangalia. Nilipofika, wale wanawake walikuwa wameshapotelea upande wa soko. Alikuwa amebaki Mama Wanjiru peke yake na mwavuli wake.

"Mama Wanjiru," nikamwambia nikihema, "mila gani?"

Akaangalia chini kwa heshima. "Si hiyo ya kwenu, Baba Wycliffe. Ya kufuli."

Nikageuka nikaangalia mlango wangu.

Haki ya Mungu, sikuwa nimeuona mlango ule kutoka nje tangu tuliporudi kuzika. Lile kufuli kubwa la Rebeka lilikuwa limening'inia pale, limeota kutu, buibui amefunga kazi yake juu. Pazia limefungwa. Yale maua aliyopanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia yamekauka yakabaki vijiti. Ilikuwa nyumba ya mtu aliyehama, au aliyekufa.

Kumbe!

Siku ile ya kusafiri na mwili, shemeji yangu ndiye aliyefunga nyumba. Alichukua kufuli kabatini, akalibana, likafunga. Kufuli la kubana halihitaji ufunguo. Tuliporudi ndipo nikakumbuka kwamba ufunguo wake uko kwenye funguo za Rebeka, na funguo za Rebeka ziko kwenye mkoba wake, na mkoba wake ulirudi kutoka hospitali nikautundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Sikuweza kuufungua. Mke wangu hakupenda mtu aingize mkono kwenye mkoba wake, na mimi nisingeanza siku hizi. Nikaingia kwa mlango wa jikoni. Kesho yake pia. Natoka alfajiri kwenda Gikomba, narudi jioni, nawasha taa ya jikoni tu. Nilijua kufuli liko; wangepiga hodi ningewaambia wazunguke jikoni. Nilichosahau ni kwamba watu wengine ndio wanaoliona.

Nikamweleza Mama Wanjiru. Alishika mdomo. "Ngai! Na mimi nimekulinda hivi!"

Na kweli alikuwa amenilinda, maskini. Siku za matanga mzee mmoja wa kwetu alimwambia kwamba mwanamume aliyefiwa ana mambo yake ya kungoja, hakumwambia ni yapi, na Mama Wanjiru alipoona kufuli linakaa wiki baada ya wiki, akamalizia mwenyewe. Yeye ni wa Murang'a, angejuaje? Kuuliza aliona ni kukosa heshima. Kwa hiyo amesimama mlangoni kwangu miezi yote hii kama askari wa benki. Jumuiya amewarudisha. Kwaya amewarudisha. Mzee Okello alikuja na ubao wa drafti kwapani, akarudishwa. Wengine walikuja na mkate na biskuti. Hizo, alisema akigeuza uso, watoto walizila. Na watoto wenyewe amewakataza mpira, ati wasisumbue marehemu.

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kweli. Lakini niliona mvua inamnyeshea bega moja kwa sababu alikuwa ameusogeza mwavuli upande wangu, na hasira ikakataa kuja.

"Ngoja hapo," nikamwambia. "Usiende."

Nikazunguka tena laini nzima. Nikaingia chumbani, nikauteremsha mkoba. Nikasema, "Rebeka, naomba ruhusa," kwa sauti kabisa, nikavuta zipu.

Funguo zilikuwa juu. Ningeweza kuzichukua nikafunga. Lakini chini yake kulikuwa na leso yake nyeupe imefungwa fundo, na fundo la Rebeka nalijua, hufunga kitu cha maana. Nikafungua.

Biskuti mbili. Za nazi.

Mama yangu! Nilikaa kitandani. Mwanamke aliyemchapa mtoto wake, aliyenitukania vidole vyangu, kumbe yeye mwenyewe alikuwa anachomoa za wageni anatia kwenye mkoba! Na ukiangalia pembe za mkoba, chenga tupu, chenga za zamani, za aina tofauti tofauti, zikionyesha kwamba hiyo ilikuwa kazi yake ya siku nyingi. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, nikasema, "Mwizi wewe, Rebeka, mwizi mkubwa," na katikati ya kucheka nikasikia nalia, kilio chenyewe, ambacho sikukilia Butere kwa sababu huko kulikuwa na watu wa kuwapokea na gari la kulipangia safari.

Mama Wanjiru alinisikia kutoka nje. Aliningoja tu kwenye manyunyu.

Kufuli lilikataa mwanzoni. Tulilitia mafuta ya kupikia, tukalisubiri, nikalizungusha tena, likaachia. Mlango ulilia kama mbuzi. Mama Wanjiru akafuta miguu, akasema hodi ingawa nilikuwa nimesimama naye, nami nikasema karibu, na akaketi kwenye kiti cha wageni.

Nikafungua ile pakiti.

Kwa ajili ya kazi: biskuti za nazi, za supamaketi, tarehe yake bado kidogo iishe. Zimelegea. Nazi imeanza kunuka sabuni kwa mbali. Kwenye chai zinavunjika kabla hujasema amina. Mama Wanjiru alikula moja, akaniangalia, akasema, "Hizi zimelala, Baba Wycliffe," halafu akachukua nyingine, na nyingine. Vikombe vitano kwa vitano. Asiyekubali aandike blogu yake.

Ameenda sasa hivi, na zile kuki za bekari nimempa apelekee watoto. Nimemwambia awaambie mpira uko huru, ukuta ni wao.

Wycliffe nimemtumia ujumbe: "Chumba mpe huyo mpangaji. Mimi nina wageni." Amejibu saa hiyo hiyo, "Wageni gani tena, mzee? Uko sawa kweli?" Sijamjibu bado. Niache nifurahie kidogo.

Nisiwadanganye lakini. Nimekaa sebuleni leo kwa mara ya kwanza, mlango uko wazi, baridi yote ya Jericho inaingia, na nyumba bado ni kubwa kwa mtu mmoja. Wageni wakija wote, wakajaa mpaka jikoni, bado itakosekana sauti moja, ile ya kuniuliza habari za vidole. Hiyo haina ufunguo.

Moja ya zile biskuti zake nimeichovya kwenye chai. Imekauka kama kigae na ina harufu ya poda aliyokuwa anajipaka. Niliishikilia ndani ya chai nikingoja ikatike. Haikukatika. Hii siipi vikombe. Ya pili nimeirudisha kwenye leso, nikaifunga, ingawa fundo langu si zuri kama lake.

Kesho nikienda Gikomba natokea mlango wa mbele. Kufuli nitalitia kama mtu yeyote anayekwenda kazini, na jioni nitalitoa. Jumatano jumuiya iko kwangu, Mama Wanjiru ameshawapigia simu wote, na rafu ya juu iko tupu.

Rebeka, ninunue za nazi au za tangawizi? Na za kwako nizifiche wapi?